Hukumu ya kloningi ya wanyama: je, inafaa kuhifadhi mbwa wa asili kwa njia hiyo?



AlhamduliLlaah, sifa zote njema anastahiki Allaah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (swalla Allaahu ‘alayhi wa sallam), jamaa zake na Swahaba zake.

Suala hili limetufikia kutoka Mtambile, wilaya ya Mkoani, Pemba. Aliyeuliza ni baba mwenye konde ya muhogo na migomba, na anafuga mbwa mmoja wa kienyeji wa kufukuza tumbili. Binti yake, anayesoma masomo ya sayansi, alirudi nyumbani na habari kwamba ziko nchi zinazozalisha nakala za mbwa wao wa asili ili wasipotee, akasema ni jambo la kheri. Kaka yake akamjibu kuwa mwenye kuridhia hayo amekufuru, kwani Muumba ni mmoja tu. Sasa ni wiki ya pili ndugu hawa hawasemezani, na kaka hataki hata kula chakula alichopika dada yake. Bibi yao anasema mbwa ni najisi na kupotea kwao ni afadhali. Majirani nao, baada ya mtoto mmoja kung'atwa, wanataka mbwa wote wa mtaa watiliwe sumu.

Baba huyu anauliza mambo matatu. Kwanza, je, kloningi ni kushindana na Allaah katika kuumba? Pili, je, inajuzu kwa mnyama kama mbwa? Tatu, ina faida gani kwetu sisi watu wa visiwani? Tutajibu moja baada ya jengine, inshaAllaah. Jambo lililofikisha ndugu wa tumbo moja kuitana makafiri haliwezi kujibiwa kwa neno moja.

KLONINGI NI NINI?

Kloningi, ambayo kwa Kiarabu huitwa istinsaakh, ni kumzalisha mnyama ambaye vinasaba vyake ni sawa na vya mnyama mmoja aliyekwisha kuwepo. Kwa kawaida mnyama hupata nusu ya vinasaba vyake kwa baba na nusu kwa mama. Katika kloningi mambo ni tofauti. Wataalamu huchukua seli ya mwili, kwa mfano ya ngozi ya sikio, kutoka kwa mnyama wanayemtaka. Huchukua pia yai la jike mwengine, wakaliondoa kiini chake na kutia humo kiini cha seli ile. Yai hilo husisimuliwa ili lianze kugawanyika, kisha hupandikizwa katika tumbo la jike wa tatu, naye hubeba mimba na kuzaa.

Mnyama wa mwanzo wa jamii ya wanyonyeshao kuzalishwa hivi kutokana na seli ya mnyama mzima ni kondoo Dolly, aliyezaliwa tarehe 5 Julai 1996 katika taasisi ya Roslin, Scotland. Mayai 277 yalitengenezwa, akapatikana yeye peke yake.

Kwa mbwa kazi ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu yai la mbwa hutoka kabla halijapevuka, na jike huingia joto mara moja au mbili tu kwa mwaka. Mbwa wa mwanzo, aliyepewa jina la Snuppy, alizaliwa Seoul, Korea Kusini, tarehe 24 Aprili 2005. Ili apatikane, viinitete 1,095 vilipandikizwa kwa majike 123. Mimba zilizoshika zilikuwa tatu. Wakazaliwa wawili, na mmoja akafa kwa homa ya mapafu akiwa na siku 22. Hesabu hii tuikumbuke, kwani tutairudia tutakapozungumzia masharti.

Ni muhimu kufahamu pia kwamba nakala si mnyama yule yule wa mwanzo. Ni kiumbe kipya, chenye umri wake, malezi yake na ajali yake. Hata vinasaba vyake havilingani kwa asilimia mia, kwa sababu sehemu ndogo hutoka katika lile yai la jike mwengine. Aliyekufa amekufa, wala hakuna aliyemrudisha.

JE, NI KUSHINDANA NA MUUMBA?

Kuumba kunakomhusu Allaah peke yake ni kukileta kitu ambacho hakikuwepo na kukipa uhai. Mtaalamu wa kloningi hafanyi hivyo. Seli ameikuta hai, yai amelikuta, na tumbo la kubebea mimba amelikuta. Hakuumba hata kimoja katika hivyo vitatu. Seli ikiwa imekufa hana la kufanya. Ndiyo maana chui wa Unguja, ambaye katika makumbusho ya Zanzibar amebaki ngozi iliyokaushwa na kujazwa, hawezi kurudishwa kwa njia hii: hakuna seli hai iliyohifadhiwa. Katika Sura Al-Hajj, aya ya 73, Allaah ametufahamisha kwamba wale wanaoombwa badala Yake hawataumba hata nzi, ijapokuwa watakusanyika kwa ajili hiyo. Changamoto hiyo ipo pale pale, na maabara zote za dunia hazijaijibu.

Ndugu yetu muulizaji aitazame konde yake mwenyewe. Anapokata kijiti cha muhogo na kukipanda, mche unaoota ni nakala ya shina alilolikata. Anapong'oa chipukizi la mgomba na kulihamishia shimo jengine, naye anapata nakala. Wazee wetu wamefanya hivyo karne nyingi na hakuna aliyewaambia wamekufuru. Wamefuata njia ambayo Allaah ameiweka katika mimea. Kwa mnyama, njia hiyo ni ndefu na ina madhara yake, lakini si uumbaji.

Wapo wanaotoa hoja kwa aya ya 119 ya Sura An-Nisaa, ambapo Ibliis ameahidi kuwaamrisha watu wabadilishe alivyoumba Allaah. Hoja hiyo ina uzito wake na haipuuzwi. Kwa sababu yake na mfano wake, maulamaa hawakuufungua mlango huu bila ya kuuwekea mipaka.

Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lililo chini ya Jumuiya ya nchi za Kiislamu, lililijadili suala hili katika kikao chake cha kumi, Jeddah, kuanzia tarehe 28 Juni hadi 3 Julai 1997, miezi michache tu baada ya habari ya Dolly kutangazwa. Azimio lake namba 94 limekataza kloningi ya binadamu, kwa kuwa inaharibu nasaba, ndoa na heshima ya mwanaadamu. Ama katika vijidudu, mimea na wanyama, baraza limejuzisha kutumia elimu hiyo ndani ya mipaka ya Shari'ah, kwa lengo la kuleta manufaa na kuzuia madhara.

Kwa hiyo binti aliyesema kuwa jambo hili lina kheri hakutoka nje ya kauli za maulamaa, sembuse kutoka katika Uislamu. Na kijana aliyemwita dada yake kafiri amejitia katika hatari kubwa. Katika Hadithi ya Ibn ‘Umar, iliyopokewa na Al-Bukhaariy na Muslim, tumefundishwa kwamba anayemwita ndugu yake kafiri, neno hilo humrudia mmoja wao. Tunajua kijana alikusudia kuitetea Tawhiid, na ghera hiyo ni njema, lakini elimu hutangulia kabla ya hukumu. Aidha, si halali kwa Muislamu kumhama ndugu yake zaidi ya siku tatu, na mbora wao ni anayeanza kutoa salamu. Wiki mbili zimekwishapita mpaka huo.

MBWA KATIKA SHARI'AH

Bibi amesema mbwa ni najisi, na kwa madhehebu ya Shaafi'i, yanayofuatwa na wengi wetu visiwani, kauli yake ni sahihi. Kilichoguswa na mate au majimaji ya mbwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mguso wa kikavu kwa kikavu haunajisi. Maimamu wengine wana kauli nyengine, na Maalik anamhesabu mbwa kuwa tohara.

Lakini unajisi ni hukumu ya twahara, haikuwa amri ya kumwangamiza mnyama. Katika Sura Al-Maaidah, aya ya 4, Allaah amehalalisha windo linalokamatwa na wanyama waliofundishwa kuwinda, na mbwa ni wa mwanzo kati yao. Katika Sura Al-Kahf mbwa wa vijana wa pangoni ametajwa zaidi ya mara moja, amelala kizingitini akiwa nao. Katika Hadithi ya ‘Abdullaah bin Mughaffal, iliyopokewa na Abu Daawuud na At-Tirmidhiy, Mtume (swalla Allaahu ‘alayhi wa sallam) ameeleza kwamba lau mbwa wasingekuwa umma miongoni mwa umma angeliamrisha wauliwe. Hili linakwenda sambamba na aya ya 38 ya Sura Al-An'aam, inayotueleza kuwa wanyama wa ardhini na ndege ni umma mfano wetu. Kisha ipo Hadithi mashuhuri ya mtu aliyeteremka kisimani, akajaza maji kiatu chake na kumnywesha mbwa mwenye kiu, naye akasamehewa dhambi zake.

Kufuga mbwa, kwa upande mwengine, kuna mpaka. Anayefuga mbwa asiyekuwa wa kuwinda, wa kulinda mifugo au wa kulinda shamba, thawabu zake hupungua kila siku. Mbwa wa ndugu yetu, anayelinda muhogo dhidi ya tumbili, yumo katika ruhusa hiyo. La muhimu ni akae kondeni au nje, awe na chombo chake mbali na vyombo vya nyumbani, na watoto wafundishwe namna ya kujitwaharisha.

Ama biashara, katika madhehebu yetu kumuuza mbwa hakusihi, hata akiwa amefundishwa, kwa sababu ya Hadithi ya Abu Mas'uud inayokataza thamani ya mbwa. Mwenye mbwa wa manufaa ana haki ya kubaki naye, na anaweza hata kumuusia mwengine baada yake. Wanazuoni wa Hanafi wamejuzisha kumuuza. Mas-ala haya ni ya khilafu ya zamani, na haifai Waislamu kugombana kwa ajili yake.

Mbwa wa kloningi hukumu yake ni ile ile ya mbwa mwengine: najisi kwa wanaosema ni najisi, na ruhusa ya kufugwa ni kwa haja zile zile.

MBWA WA ASILI: MFANO WA KOREA NA WA CONGO

Habari aliyokuja nayo binti ina ukweli. Korea kuna mbwa wa asili wenye manyoya marefu waitwao sapsaree. Katika zama za ukoloni wa Kijapani waliuliwa kwa wingi kwa ajili ya ngozi zao, wakakaribia kumalizika. Wataalamu wa chuo kikuu cha Kyungpook walianza kuwakusanya waliobaki mwishoni mwa miaka ya 1960, wakawazalisha kidogo kidogo, na mwaka 1992 serikali ikawatangaza kuwa urithi wa taifa unaolindwa. Baadaye wataalamu walimnakili sapsaree dume, na kazi hiyo ikachapishwa mwaka 2009.

Angalieni mpangilio wa mambo. Kloningi ilikuja mwisho. Kilichowaokoa mbwa wale ni watu walioamua kuwakusanya, kuwalisha na kuwazalisha kwa miaka mingi. Mbwa walikwisha kuokoka ndipo maabara ikaongeza nakala.

Mfano wa pili uko karibu zaidi nasi. Katika misitu ya kaskazini mashariki ya Congo wapo mbwa wadogo wa kuwindia, wenye masikio yaliyosimama na mkia uliojikunja, ambao hawabweki kama mbwa wengine. Wawindaji huwafunga kengele ya mti shingoni ili wajue walipo. Wazungu huwaita basenji. Katika miaka ya 1930 wachache walipelekwa Uingereza na Marekani, na kutokana na hao wachache wakazaliwa maelfu. Lakini kwa kuwa wote walikuwa ndugu, maradhi ya kurithi ya figo yakaenea kati yao. Mwaka 1987 na 1988 wafugaji wa Kimarekani walisafiri hadi vijiji vya Congo, wakachukua mbwa wapya, na mwaka 1990 daftari la ufugaji la Marekani likafunguliwa ili kuwapokea. Damu mpya kutoka kwa wanavijiji ikawafaa mbwa waliokaa Ulaya na Marekani kwa miaka hamsini.

Hapa ndipo lilipo jibu la swali la faida. Aina ya mnyama haihifadhiwi kwa kuwa na nakala nyingi za mmoja. Huhifadhiwa kwa kuwa na wengi wanaotofautiana. Mkulima wa muhogo analijua hili: miche ya shina moja yote hufanana, na yakiingia maradhi ya batobato au michirizi ya kahawia yaliyoushinda mmoja, yataishinda konde nzima. Ukiwa na mbwa mia walionakiliwa kutoka kwa mbwa mmoja, kwa hesabu ya vinasaba una mbwa mmoja tu.

Insafu inatulazimu kutaja pahala ambapo kloningi imeongeza kitu kilichokwisha kupotea. Marekani kuna aina ya kicheche mwenye miguu myeusi ambaye wote waliobaki wametokana na wanyama saba tu. Tarehe 10 Desemba 2020 alizaliwa nakala wa jike aliyekufa mwaka 1988, ambaye seli zake ziligandishwa na ambaye hakuwa na kizazi kilicho hai. Damu iliyokosekana ikarudi. Lakini hilo liliwezekana kwa sababu kuna watu waliohifadhi seli zaidi ya miaka thelathini kabla, na waliendelea kuwatunza wale walio hai.

MIFANO YA JIRANI ZETU

Elimu hii haiko Korea na Marekani peke yake. Wale wenye jamaa Dubai huenda wamesikia habari za Injaz, ngamia wa mwanzo duniani wa kloningi, aliyezaliwa huko tarehe 8 Aprili 2009 kutokana na seli za ngamia aliyekwisha kuchinjwa. Nairobi, katika taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, alizalishwa dume wa ng'ombe wa Boran wa kloningi aliyepewa jina la Tumaini, ambaye kazi yake ilichapishwa mwaka 2016. Lengo la wataalamu wale ni kufika kwenye ng'ombe anayehimili nagana, maradhi yanayosambazwa na mbung'o na kuwafilisi wafugaji wengi wa bara. Hili ni katika manufaa ambayo maulamaa wa Jeddah waliyakusudia.

Kenya vile vile kuna funzo la kuchelewa. Kifaru mweupe wa kaskazini, dume wa mwisho aliyeitwa Sudan, alikufa katika hifadhi ya Ol Pejeta tarehe 19 Machi 2018. Wakabaki majike wawili, mama na binti yake. Wataalamu sasa wanahangaika na mbegu zilizogandishwa na matumbo ya vifaru wa aina nyengine. Kama wangelindwa na majangili walipokuwa wengi, gharama yote hiyo isingehitajika.

MASHARTI YA KUJUZU

Kutokana na azimio la Jeddah na kanuni za Shari'ah, yafuatayo ndiyo tunayoyaona kuwa mizani ya jambo hili:

1. Kuwe na manufaa ya kweli, kama vile dawa, chakula, kuzuia maradhi au kuokoa aina ya mnyama iliyo hatarini. Kunakili mbwa wa mapambo kwa sababu mwenyewe amemkumbuka si katika manufaa hayo. Marekani kampuni hutoza dola 50,000 kwa mbwa mmoja. Huo ni israfu, na ndani yake mna kumfuga mbwa bila ya haja.

2. Mnyama asiteswe. Mayai ya mbwa hupatikana kwa kumpasua jike, na mimba hupandikizwa kwa upasuaji pia. Turudi kwenye ile hesabu ya majike 123 kwa ajili ya mbwa mmoja aliyeishi. Ufundi umeendelea tangu wakati huo, lakini bado wapo wanyama wanaopasuliwa na watoto wanaokufa. Mwanamke aliyemfunga paka hadi akafa kwa njaa aliingia motoni kwa ajili yake. Mwenye kuwapasua wanyama kwa haja ndogo ana la kujibu.

3. Isiwepo njia nyepesi inayofikisha lengo lile lile. Ikiwa mbwa wa asili wanaweza kuzaliana wenyewe, kuwaacha wazaliane na kuwalinda ndiyo njia ya kwanza.

4. Isiwe ngazi ya kupandia kwenye kloningi ya binadamu, ambayo ni haramu.

Yakitimia masharti hayo, kloningi ya mbwa wa asili aliye hatarini inajuzu. Yasipotimia, hukumu yake hufuata madhara yake, kuanzia karaha hadi uharamu.

NA SISI WA PEMBA JE?

Mbwa wetu wa kienyeji hawana jina la fahari wala daftari la ufugaji. Lakini ni wanyama waliozoea joto, njaa na kazi za huku, na hawahitaji maabara. Wanachohitaji ni chanjo na huruma. Hapa tunafika kwa majirani wanaotaka kutia sumu.

Kisiwa cha Pemba kina historia ya wazi katika jambo hili. Kichaa cha mbwa kiliwahi kuzunguka kisiwani na kuua watu. Kampeni za kuchanja mbwa kisiwa kizima zilipoanza na kuimarika, mbwa wenye kichaa na watu wanaong'atwa wakapungua mwaka hadi mwaka, na kufikia mwezi Mei 2014 maradhi yakawa yamekwisha. Chanjo ikalegalega. Mwishoni mwa mwaka 2016 maradhi yakaingizwa tena kisiwani, yakasambaa. Chanjo ikarudishwa, na mwezi Oktoba 2018 yakamalizwa kwa mara ya pili. Sumu haikufanya kazi hiyo. Iliyoifanya ni sindano, mbwa kwa mbwa, shehia kwa shehia.

Wataalamu wanashauri wachanjwe angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo. Ukiwaua mbwa waliochanjwa unaivunja ngome yako mwenyewe, kwa sababu nafasi yao huchukuliwa na wengine wasiochanjwa. Mbwa aliyethibiti kuwa na kichaa au mkali anayedhuru watu, Shari'ah imeruhusu auliwe, na auliwe kwa njia isiyomtesa. Kuwatilia sumu wote, wenye kosa na wasio nalo, hakumo katika ruhusa hiyo. Sumu yenyewe hula kuku, paka na hata mtoto mchanga anayetambaa.

Kwa mtoto aliyeng'atwa, na kwa yeyote atakayeng'atwa: kidonda kioshwe mara moja kwa maji mengi ya kutiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku hiyo hiyo akapate chanjo, na sindano zote alizopangiwa azimalize. Asisubiri aone dalili, kwani zikishatokea karibu hakuna anayepona. Hili lisifanyiwe dawa za kienyeji peke yake.

Na kwa wanaodhani kuhifadhi viumbe ni kazi ya nchi tajiri, wamtazame popo wa Pemba, asiyepatikana pahala pengine popote duniani. Mwaka 1989 walikuwa wamebaki mia chache tu, kwa sababu ya kuwindwa na kukatwa miti wanayolala. Wanavijiji wakaunda vikundi, wakazuia uwindaji na kulinda miti, kama ilivyo Kidike, na popo wakaongezeka hadi kupindukia elfu ishirini. Hakuna aliyenakiliwa hata mmoja. Waliachiwa miti yao, wakazaana kwa idhini ya Mola wao.

MUHTASARI

Kloningi ya wanyama si kuumba wala si kufru. Inajuzu kwa masharti ya manufaa ya kweli na kutomtesa mnyama, na ya binadamu ni haramu. Mbwa wa asili kumhifadhi si kosa, kwani ni umma miongoni mwa umma za Allaah, lakini njia yake ya kwanza ni kuwatunza walio hai. Mbwa wa konde anajuzu kufugwa, na mwenyewe ana wajibu wa kumlisha, kumnywesha na kumchanja. Kuwatilia sumu mbwa wote wa mtaa hakujuzu. Sheha na daktari wa mifugo ndio wa kuendewa, wapange siku ya chanjo. Anayetaka fatwa rasmi katika mas-ala mahususi arejee Ofisi ya Mufti wa Zanzibar.

Kwa kijana wetu wa Mtambile: nenda kwa dada yako leo, uanze wewe kwa salamu, na uombe msamaha kwa lile neno. Kwa binti yetu: pokea salamu ya kaka yako, na usome sayansi yako kwa nia ya kuwanufaisha watu, kwani Pemba inahitaji madaktari wa mifugo kuliko inavyohitaji maabara ya kloningi. Kwa bibi yetu: tunakuheshimu, na kujilinda na najisi ni katika dini, lakini bakuli la maji kwa mbwa wa konde ni sadaka, na wewe una haki ya kuwa wa mwanzo kuipata.

Tunamuomba Allaah atuonyeshe haki na kutupa uwezo wa kuifuata, na aziunganishe nyoyo za familia hii.

Wa-Allaahu A'lam.